Farasi Mia Tatu na Mlima wa Udongo

Lami inaishia mbele ya kibanda cha kinyozi. Haipungui kidogo kidogo, inakatika tu, kama mtu aliyenyang'anywa maneno, na kuanzia hapo ni udongo mwekundu unaopanda mlima hadi nyumba za juu. Chini ya kipenu cha kinyozi pana benchi refu, mguu mmoja umeinuliwa kwa tofali, na benchi hilo linautazama mlima uso kwa uso. Wanaokaa hapo ni walewale. Yupo Kinyozi mwenyewe, ambaye wateja wake wameshajifunza kusubiri. Yupo Mzee Lami, mstaafu wa kazi ya kujenga barabara, na katika barabara zote hizo kazi yake ilikuwa kushika bendera: nyekundu simama, kijani pita. Yupo Spana, anayetembea na spana mfuko wa nyuma tangu watu waanze kumjua, na hakuna aliyewahi kuiona ikifungua nati. Yupo Mama Kahawa na birika lake juu ya jiko la mkaa, asiyesema sana, kwa kuwa akisema watu huhama. Na siku hizi yupo Farasi, fundi rangi, mwenye pikapu.

Jina la Farasi hakupewa kwa heshima. Siku aliyoileta pikapu aliwatangazia kwamba injini yake ina nguvu za farasi mia tatu. Mzee Lami akauliza farasi wote hao wanakula nini. Jina likabaki.

Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika adhuhuri. Pikapu ilisimama mwisho wa lami, pua imeelekezwa mlimani, matope yameigandia hadi kwenye vioo. Farasi alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, akitazama juu. Mke wake alikuwa huko juu, kwa baba yake. Alikwenda baada ya kurudi sokoni akakuta jiko lake la nje limebomolewa, nguzo na mabati vimeegemezwa ukutani, na mahali pake imesimama pikapu, imefutwa inang'aa. Alipika siku kadhaa huku mvua ikimwongezea maji kwenye sufuria. Kisha akasema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na gereji, akafunga vitu vyake. Farasi, badala ya kunyamaza, akaapa mbele ya majirani kwamba atamfuata kwa pikapu hiyohiyo hadi mlangoni kwa baba yake. Tangu aape, mlima umekataa. Asubuhi hiyo baba mkwe alikuwa ameteremsha ujumbe: kesho binti yake anapanda basi la kwanza kwenda kwa shangazi yake mji mwingine, kapata kazi ya kushona huko, na huyo shangazi si mtu wa kumrudisha mgeni upesi. Kwa hiyo ilikuwa leo kabla ya giza, au ndiyo imetoka.

— Injini haina tatizo, alisema Spana. Nimeisikiliza kwa masikio yangu haya. Injini inataka kupanda. Matairi ya nyuma ndiyo hayana habari.

— Habari gani? aliuliza Farasi.

— Habari kwamba kuna mlima. Nguvu inatoka mbele na haraka zake zote, inafika nyuma, inakuta hakuna mtu.

— Kama nyumbani kwake, alisema Mama Kahawa, akaendelea kumimina.

Farasi alikipuliza kikombe chake, ingawa kahawa ilikuwa imepoa zamani.

— Mama, tunaongea mambo ya ufundi hapa.

— Ongeeni. Mimi nachochea mkaa.

Spana alisimama, akaitoa spana mfukoni, akaelekeza nayo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayoifanya.

— Iangalieni. Mbele kuna injini, kuna betri, kuna rejeta, kuna yeye na tumbo lake. Nyuma kuna nini? Bodi tupu. Gari limejaa kichwani, nyuma hamna kitu. Litakanyaga na nini?

— Na matairi yameota kipara, aliongeza Kinyozi. Hilo naliona hata mimi. Vichwa ndiyo kazi yangu.

— Kipara si ugonjwa, alisema Mzee Lami, akaishusha kofia yake ikae vizuri.

— Kwa kichwa si ugonjwa, mzee wangu. Kwa tairi ni ugonjwa.

— Mimi kwenye barabara zetu sikuona gari likiteleza hata moja.

— Si yalikuwa yamesimama? Wewe ndiye uliyekuwa umeyasimamisha.

Mzee Lami alilifikiria hilo na hakuona kosa ndani yake.

— Ndiyo maana hayakuteleza, alisema.

Kinyozi alikohoa. Alikuwa na mteja ndani, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, na mteja huyo alikuwa ameshachungulia mlangoni mara nyingi bila mafanikio.

— Mimi kwa mawazo yangu, alisema, unakanyaga mafuta kupita kiasi. Mashine ya kunyolea ukiikandamiza haikati, inakwaruza. Tia gia ya pili, achia klachi pole pole, mguu uwe mwepesi kama unapita chumba alicholala mtoto.

Farasi alimgeukia. Lilikuwa shauri zuri, na ndiyo maana lilimuuma.

— Pole pole.

— Nimesema tu.

— Farasi mia tatu, halafu pole pole. Mtu anayetaka kwenda pole pole si ananunua toroli?

— Basi nimenyamaza, bwana.

Akanyamaza kweli, na hakuna aliyemwomba aendelee.

— Tatizo lenyewe, alisema Spana kwa sauti ya daktari anayefunga mlango kwanza, ni difu, ile gia ya nyuma inayogawia matairi nguvu. Jana wakati unahangaika mimi nililala chini nikaangalia. Tairi la kushoto linazunguka kama kichaa. La kulia limetulia tuli, linatazama. Unajua kwa nini? Difu inapeleka nguvu kwa tairi linaloteleza.

— Linaloteleza? aliuliza Mzee Lami. Si lile lililosimama vizuri?

— Linaloteleza.

— Yaani anayeharibu kazi ndiye anaongezewa?

— Ndiyo hivyo ilivyo difu ya kawaida.

— Kumbe pale ofisini kwetu ilikuwa difu, alisema Mzee Lami, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu alionekana amepata jibu la kitu.

— Sasa tufanyeje? aliuliza Farasi. Jua halinisubiri.

— Ziko difu zinazojifunga. Ukiwa nayo hiyo, matairi yote mawili yanavuta sawa, hata matope yawe uji.

— Naipata wapi leo?

— Leo huipati.

— Sasa umeniambia ya nini?

— Ujue tu kinachokusumbua. Watu wengi wanasumbuka bila kujua.

Farasi aliutazama mlima. Huko juu kabisa, ambapo njia inapinda na kupotelea kwenye nyumba, ulitokea mwavuli mweusi. Ulikuwa wa baba mkwe. Kila alipojaribu kupanda, mwavuli huo ulitoka, ukasimama, ukatazama, ukarudi ndani bila neno. Sasa mvua haikuwepo, wala injini haikuwa imewashwa, na bado ulitoka. Angeweza kuvumilia matusi. Mtu anayekuja kukutazama tu, huyo ana mengi ya kusema.

— Tupunguze upepo, alisema, akasimama. Tairi likiwa laini linalala chini, linashika.

— Hapo umesema, alisema Spana. Lilale kabisa.

Walitoa upepo matairi ya nyuma, Spana akisikiliza kila tairi kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa, hadi yakawa yamekaa chini kama mito ya kulalia. Mzee Lami peke yake hakuridhika.

— Mnautupa upepo wa nini? Upepo una uzito.

— Upepo hauna uzito, mzee.

— Hauna uzito? Basi kile kilichoung'oa mti wa kwa fundi viatu mwaka ule kilikuwa nini? Maneno? Mimi ningejaza. Ningejaza mpaka gari liwe zito lenyewe.

— Likijaa sana linapasuka.

— Hiyo ni habari nyingine. Sisi tunazungumzia uzito.

Neno uzito likawa limetupwa benchini, na kikishatupwa kitu benchini hapo hakiachwi kikalala. Kinyozi, aliyekuwa amenyamaza kwa heshima yake, alisema ana mchanga nyuma ya kibanda, wa kujengea choo. Wakaujaza kwenye viroba, wakavipakia. Spana akasema havitoshi. Wakaleta kiti cha zamani cha kinyozi, kile cha chuma kisichozunguka tena, kinachobebwa na watu watatu na kulaaniwa na wote. Spana akaipiga teke pikapu, akasema bado nyepesi. Wakaleta jiwe la kuzuia mlango. Wakaleta mlango.

— Bado, alisema Spana.

— Kilichobaki hapa ni sisi, alisema Kinyozi.

Watu wakatazamana, wakapimana kwa macho, kila mmoja akaona mwenzake ni mzito wa kutosha.

— Mimi nimo, alisema Mzee Lami. Lakini sikai kwenye mchanga. Nina kiuno.

— Utakaa wapi sasa?

— Nitakaa ninapokaa siku zote.

Hivyo ndivyo benchi lilivyopakiwa. Nalo hawakuliweka katikati, juu ya ekseli, ambako Kinyozi alipendekeza kwa sauti ya chini. Waliliweka mwisho kabisa, mlango wa nyuma umefunguliwa, miguu yao ikining'inia nje, kwa sababu Spana alisema lazima ayaone matairi yakifanya kazi, na Mzee Lami akasema mtu akikaa benchi lazima aone njia. Mteja mwenye nusu ya nywele akaombwa apande naye, kwa kuwa ameshakaa bure vya kutosha. Akapanda. Pikapu iliketi chini nyuma, pua ikaelekea mawinguni.

— Mama, hupandi? aliita Spana. Na birika lako? Birika lina uzito.

— Nimezaliwa chini hapa na nitabaki chini hapa, alisema Mama Kahawa. Nikija huko, nani atawasimulia watu?

Farasi aliingia, akafunga mlango, akashika usukani. Kupitia kioo cha mbele alimwona baba mkwe bado amesimama, na pembeni ya mwavuli aliona kitu kingine, kitambaa cha kijani kichwani mwa mtu. Mke wake alikuwa ametoka. Tangu aondoke hakuwa ametoka kuangalia hata siku moja. Farasi akasahau gia ya pili, akasahau klachi, akasahau mtoto aliyelala. Akakanyaga.

Farasi mia tatu wote walilia pamoja. Matairi yakazunguka mara moja, mara mbili, yakaguna, kisha yakashika. Yakashika kweli! Pikapu ikauacha mwisho wa lami, ikaukamata udongo, ikapanda. Benchi zima likapiga kelele.

— Inang'ata! alipayuka Spana. Inang'ata! Nilisema mimi!

— Pita! Pita! alisema Mzee Lami, mkono juu, akipunga bendera isiyokuwepo.

Ilipanda hivyo hadi kwenye kona, na kwenye kona Farasi akauzungusha usukani kushoto. Pikapu haikwenda kushoto. Akauzungusha tena. Usukani ulikuwa mwepesi kama wa mchezo wa mtoto, kwa sababu magurudumu ya mbele, yaliyopaswa kugeuka, yalikuwa yanagusa ardhi kwa kuiheshimu tu. Uzito wote ulikuwa nyuma, ukishangilia. Pikapu ikaendelea moja kwa moja na nia yake njema, ikapanda ukingo, ikaingiza pua kwenye ua wa miiba, ikasimama kwa kishindo. Kwa kishindo hicho benchi liliteleza, likatoka nyuma, likatua kwenye matope na watu wake wakiwa wamekaa kwa mpangilio uleule. Mzee Lami alikuwa na kikombe mkononi. Hakikumwagika. Viroba viwili vya mchanga vilifuata, vikakaa kando yao kama wageni.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa mteja, ambaye alisema sasa angependa kwenda nyumbani, na akaondoka na nusu yake ya nywele.

Farasi alipotoka kwenye miiba na kutazama juu, mwavuli ulikuwa unarudi ndani. Kitambaa cha kijani hakikuonekana. Pikapu ilikuwa imeziba njia yote, mkia huku, pua kule, na haikurudi nyuma wala kwenda mbele. Walijaribu kuisukuma hadi wakajua ni wazee. Kisha wakalibeba benchi, wakateremka nalo, wakalirudisha mahali pake, tofali chini ya mguu, wakaketi. Mama Kahawa aliwamiminia bila kuulizwa. Alitazama miguu yao, akatazama lami aliyokuwa ameifagia asubuhi, akasema:

— Mmerudi.

— Mambo yamekwenda vizuri, alisema Spana.

Farasi alimtazama.

— Vizuri wapi?

— Nyuma. Nyuma imeshika, watu wameona. Hilo limeisha. Sasa tatizo limehamia mbele.

— Tatizo likihama ni maendeleo, alisema Mzee Lami.

— Kinachotakiwa, alisema Spana, ni uzito na mbele pia. Tukipata injini nyingine ya hivi, tukaifunga juu ya boneti...

— Farasi mia sita! alisema Kinyozi, na ilionekana ameacha kupambana.

— Siyo ya kuwasha. Ya kukandamiza tu.

— Au aende kinyumenyume, alisema Mzee Lami. Akienda kinyumenyume, nyuma inakuwa mbele. Tatizo litamtafuta halimwoni.

— Hapo mzee umenena. Hata farasi wenyewe hawatajua wanakoelekea, hawatagoma.

— Au mlima, aliendelea Mzee Lami, maana mtu akishasifiwa hashikiki. Kwa nini kila siku gari ndilo libadilike? Mlima umefanya nini? Uchimbwe juu kule, udongo uletwe chini huku. Kote kunakuwa sawa.

— Itachukua muda gani?

— Ukipatikana mtu wa kushika bendera, si muda mrefu.

— Basi la kwanza ni kesho asubuhi, alisema Farasi.

Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hilo halikuwa jambo la ufundi. Jua lilikuwa limeegemea paa za chini, na mwanga umekuwa wa rangi ya udongo wenyewe. Farasi aliwaza nyumba yake: mabati yameegemea ukutani, uwanja una alama za matairi, na ndani sauti ya redio anayoiacha wazi ili asiingie kwenye kimya. Aliwaza shangazi wa mkewe, mwanamke ambaye siku ya harusi alimpa mkono kama anayempokonya kitu. Mkewe akienda kwa shangazi huyo, ndiyo imekwisha.

Wakati huo akatokea mwanamke akishuka mlimani, trei za mayai zimepangwa kichwani juu ya kata, mkono mmoja tu umezigusa kwa mazoea. Alikuwa amezunguka pikapu kwa kupita juu ya ukingo, akashuka kwenye udongo uleule bila haraka. Hakuna hata mmoja benchini aliyewahi kumwona, kwa sababu siku zote hupita asubuhi wakati wao wamelala; leo mvua ilimchelewesha. Alizitua trei kwenye benchi, pale mteja alipokuwa amekaa, akaomba kahawa.

Mama Kahawa aliinamisha birika. Yalitoka masimbi, unga wa kahawa uliobaki chini, halafu hayakutoka hata hayo.

— Imeisha, dada. Wamemaliza kufikiri nayo.

— Haidhuru. Lile gari ni la nani? Limeziba njia.

Walimweleza wote kwa pamoja. Spana alimweleza difu, Mzee Lami alimweleza upepo, Kinyozi alimweleza mchanga wake wa choo na kwamba angependa kurudishiwa. Katika maelezo hayo lilipita pia neno mke, katikati, likaenda zake. Mwanamke alisikiliza huku akirudisha sawa yai lililolala upande. Alipomaliza yai alimgeukia Farasi.

— Huyo mkeo alisema uende na gari?

Wote walimtazama Farasi, Spana ameishika spana hewani.

— Mimi ndiye nilisema nitakwenda na gari, alisema Farasi.

— Nimesikia. Nauliza yeye alisema nini.

Farasi alirudi kwenye simu aliyompigia mkewe siku ile alipoapa. Aliongea yeye muda mrefu, hilo alilikumbuka: injini, mlango wa baba yake, majirani wataona. Upande wa pili kulikuwa kimya. Kisha neno moja, na simu ikakatwa.

— Alisema, njoo.

— Njoo na nini?

— Njoo.

— Njoo tu?

— Njoo tu.

Kinyozi alitazama mikono yake. Mzee Lami alitazama mlima kana kwamba amewekewa pale sasa hivi. Spana ndiye aliyejitahidi.

— Labda mtandao ulikata, alisema. Labda alitaka kumalizia, njoo na gari.

Hakuna aliyemuunga mkono. Mwanamke wa mayai alijitwika trei zake, akasema kwaherini, akaifuata lami.

Farasi alisimama. Alikiweka kikombe chini ya benchi taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha maswali mengine, akaanza kupanda. Nyuma yake alimsikia Spana akiuliza kama ameacha ufunguo, na Mama Kahawa akimwambia Spana akae.

Viatu vyake vilikuwa vya soli laini, vya mtu mwenye gari. Hatua za mwanzo aliteleza akarudi alikotoka. Alivivua, akavishika mkononi, akatia vidole vya miguu kwenye udongo. Ulikuwa baridi, na ulishika. Aliipita pikapu bila kuigusa. Mahali pengine alipanda kwa miguu na mikono, na alijua kule chini wanamwangalia na wanajadiliana, na alipofika kwenye kona alishangaa kwamba hakuwa amechoka sana. Ulikuwa mlima mfupi. Kwa gari ulionekana mrefu.

Baba mkwe alikuwa barazani, mwavuli umekunjwa kati ya magoti. Alimtazama mkwewe kuanzia matope ya kichwani hadi matope ya miguuni.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Kumbe njia unaijua.

— Naijua, baba.

Mke alitoka ndani. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kwa kamba, na Farasi hakuweza kujua kama lilifungwa kwa ajili ya basi au kwa ajili yake. Hakuuliza. Alikuwa ameshauliza maswali mengi ya kijinga kwa siku moja.

— Gari liko wapi? aliuliza mke.

— Lipo kwenye miiba.

— Limeharibika?

— Hapana. Ni zima kabisa.

— Umeliacha?

— Nimeliacha.

Alimtazama kwa muda. Halafu akamtazama miguuni, vile vidole vilivyojaa udongo, na uso wake haukubadilika, ila alivuta pumzi kupitia puani kama afanyavyo akitaka kucheka na hataki kuonekana.

— Na jiko langu?

— Mahali pake sasa hapana kitu. Kesho alfajiri nasimamisha nguzo.

— Sikiliza. Mimi leo nakuja kulala tu. Kesho jua likitoka nisione nguzo, mabasi yapo kila siku.

— Sawa.

— Usiniambie sawa, nimezisikia sawa zako. Chukua sanduku. Hilo, siyo hilo kapu. Hilo.

Farasi alijitwika sanduku. Lilikuwa zito kuliko alivyotarajia, na lilimkandamiza hadi visigino vikazama. Mke alimuaga baba yake, akavua viatu, akaviweka ndani ya kapu, akakunja nguo hadi magotini. Walipofika pale njia inapoanza kushuka, Farasi alisogea pembeni ampishe.

— Pita wewe kwanza, alisema.

— Tangulia, alisema mke. Ukianguka nataka nikuone vizuri.